Boti Nyingi, Boya Moja: Maswali Yenu Kuhusu Matumbawe

Mwezi huu kurasa zote nimeipa bahari, maana tangu tuandike habari ya wazamiaji kuongezeka Unguja na pwani ya Kenya barua hazikatiki, na nyingi zinatoka kwa watu ambao riziki yao iko humo humo majini. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha, wenyewe mtanisamehe.

Assalaam alaykum dada. Mi nahodha, nachukua wageni Matemwe nawapeleka kisiwa kidogo cha Mnemba hapa Unguja. Msimu ukichanganya pale unatafuta hata pa kupenya, maboya ya kufungia boti yameshajaa, wageni wanataka kuruka, sasa nisipotupa nanga nifanyeje? Na hivi kweli nanga moja inaharibu kiasi hicho, mbona mawimbi yenyewe yanavunja mwamba kila mwaka? — Nahodha, Matemwe

Wa alaykum salaam nahodha wangu. Nianze na hilo la pili maana ndo linalowalegeza wengi. Tumbawe si jiwe, ni kundi la wanyama wadogo wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa, na ujenzi wao ni wa polepole mno. Yale ya matawi yakiwa na afya yanaweza kurefuka kama sentimita 10 kwa mwaka, lakini yale makubwa ya mviringo ambayo wageni wanayapenda kwa picha yanaongezeka kama sentimita 1 tu, mengine hata hiyo hayafikishi, kwa hiyo ukikuta moja lina upana wa mita mbili ujue lilianza kabla babu yako hajazaliwa. Nanga ikishuka inavunja pale ilipopiga, sawa, ila balaa lenyewe ni mnyororo, boti inazunguka na upepo na mkondo na ule mnyororo unafagia duara zima kule chini, halafu kesho mwenzio anatupa pale pale. Dhoruba inakuja inaondoka na mwamba unapata miaka ya kujijenga upya, tena sisi tuko karibu na ikweta, vimbunga vikubwa vinatufikia mara chache sana. Nanga inakuja kila asubuhi msimu mzima.

Sasa la kufanya. Kama lazima utie nanga, mtu mmoja aingie majini na miwani kwanza atafute mchanga mtupu, na mchanga uwe mpana kiasi kwamba hata boti ikigeuka mnyororo haufiki kwenye mwamba, usimwache kijana wa mbele atupe kwa kukisia rangi ya maji. Njia ya pili wengi wenu mnaijua, hutii nanga kabisa: unashusha wageni upande mkondo unakotoka, wanaelea na maji, boti inawafuata kwa mbali, unawapokea upande wa pili. Kwa wazamiaji hii ni nzuri sana, lakini kwa wa snokeli, wanaoelea juu na miwani na bomba la kupumulia, uwe makini mno, injini isitiwe gia mtu akiwa karibu na awepo mtu mbele anayetazama vichwa tu, kazi yake ni hiyo hiyo hashiki kamba wala haandai matunda. Kufunga boti mbili kwenye boya moja inawezekana kama zote ndogo na boya limefungwa kwa uzito huo, kama hujui limefungwaje chini usijaribu.

Na kuna jambo ambalo peke yako huliwezi. Mnemba ni eneo la hifadhi tangu 2002 na mgeni analipa kuingia. Nyie manahodha mkae pamoja mwulize hela ile inarudi kiasi gani kuwa maboya, na nani anazama kukagua kamba na pingu zake, maana boya lisilokaguliwa siku moja linakatika na boti inakwenda kukaa juu ya mwamba na watu ndani. Mkiuliza mmoja mmoja mtajibiwa kwa mdomo, mkiuliza kama kikundi na barua mkononi watatafuta mafaili. Kwenye kikao hicho hicho mgawane na saa, wengine watangulie wengine wafuate. Najua maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yanawabana mnalazimika kwenda saa zile zile, lakini siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hamna sababu boti zote zifike kwa pamoja.

Shikamoo dada. Nafanya kazi kituo cha kuzamia huku Nungwi, bado sijamaliza kozi yangu ila naongoza wageni chini nikiwa na mkubwa wangu. Wageni wanashika mwamba, wengine wanapiga magoti juu yake wapate picha. Nikiwazuia wananuna, bahashishi inapotea na wanatuandikia vibaya mtandaoni. Bosi anasema waambie tu kwenye boti, wakishuka ni watu wazima. Ni kweli inatosha? — Kijana wa Nungwi

Marahaba mdogo wangu. Haitoshi, na hili watu wamelipima. Kuna utafiti uliochapishwa 2004 kutoka St Lucia, kisiwa cha Karibi, watafiti waliwafuata wazamiaji 353 chini ya maji wakihesabu nani anagusa nini. Karibu robo tatu ya wale watu waligusa mwamba angalau mara moja, mapezi ya miguuni ndo yaliongoza, wenye kamera waligusa zaidi ya wenzao, na yale maelezo mafupi ya kwenye boti peke yake hayakupunguza kitu. Kilichopunguza ni kiongozi kuingilia kati kule kule chini pale anapomwona mtu anagusa. Mwonyeshe bosi wako aya hii ukitaka.

Na ukiangalia sababu utaona wengi hawana ubaya wowote, hawajui kukaa katikati ya maji. Mtu kafunga risasi nyingi kiunoni, zile za uzito wa kumshusha, anazama matako chini, anapiga miguu kujiokoa na kila teke linavunja tawi au linatimua mchanga unaokwenda kufunika matumbawe ya pembeni. Mwingine amemaliza kozi mwaka juzi hajagusa maji tena mpaka leo. Kwa hiyo kazi yako inaanza kabla ya mwamba. Mkiingia tu washushe kwenye mchanga, waelee hapo dakika chache, mwenye risasi nyingi mpunguzie, geji ya hewa inayoning'inia ibane kwenye jaketi, na asiyeweza kabisa kutulia siku hiyo mwambie kwa upole kamera ibaki kwenye boti. Kisiwa cha Bonaire kule Karibi, ambacho bahari yake imekuwa hifadhi tangu 1979, kila mzamiaji anayefika lazima apewe maelekezo na azame kwanza kwa majaribio ndo aruhusiwe kuendelea, kutia nanga marufuku na glovu marufuku, maana mwenye glovu haogopi kushika. Na watu hawajaacha kwenda, tena wanaisifia kwa hilo.

Kuhusu kununa. Mwambie mgeni sababu, usimwambie sheria. Ukimwambia "usiguse" anasikia polisi, ukimwambia hiki unachotaka kushika ni mnyama hai, ngozi yake ni nyembamba na ukiikwaruza magonjwa yanaingilia hapo, wengi wanaona haya wenyewe. Kubalianeni na ishara moja kabla ya kushuka, kwamba ukimwonyesha hivi maana yake ainue miguu, hapo hutamshtukiza mtu. Ukimvuta taratibu kwa silinda ukampandisha nusu mita halafu ukamwonyesha pweza aliyejificha, hatanuna, atakukumbuka. Wageni wanaotoa bahashishi nzuri ni wale walioonyeshwa vitu, na kiongozi mwenye watu wanne anaonyesha vitu kuliko mwenye watu wanane, basi hapo ndipo mimi ningebanana na bosi, kwenye idadi.

Nipo hotelini Kiwengwa, kitengo cha kupokea wageni. Kila mwaka majengo mapya yanaota huku na wote wanauza Mnemba ile ile. Kuna idadi ambayo ukiipita mwamba unakufa? — Dada wa mapokezi

Swali zuri sana hili dada, na jibu linaudhi wafanyabiashara. Miaka ya 1990 watafiti waliopima miamba ya Bahari ya Shamu upande wa Misri, na sehemu nyingine pia, walikadiria kwamba sehemu moja ya kuzamia inastahimili kama mizamo 5,000 mpaka 6,000 kwa mwaka, ukizidisha hapo uharibifu unapanda haraka. Gawanya hiyo 6,000 kwa siku za mwaka, ni watu 16 hivi kwa siku. Kumi na sita! Boti moja kubwa ikija mara mbili imemaliza. Bila shaka namba haiwezi kuwa moja kwa kila mwamba, wenye matawi mengi unavunjika upesi kuliko wa mawe makubwa, na wazamiaji wenye nidhamu wanaweza kuwa wengi zaidi bila madhara, ila inakupa picha ya umbali tuliokwisha kwenda.

Wenzetu waliobana kweli wapo. Sipadan kule Malaysia, mwaka 2004 serikali iliziondoa hoteli zote kisiwani na kwa miaka mingi vibali vilikuwa vya watu 120 kwa siku, huna kibali unabaki nchi kavu. Thailand walisubiri mpaka ufukwe wa Maya Bay ukawa unapokea maelfu ya watu kwa siku na matumbawe ya mbele yake yameharibika vibaya, ndo wakaufunga Juni 2018, wameufungua Januari 2022 kwa masharti: boti haziingii tena ndani ya ghuba, zinapakia na kushusha upande wa nyuma, na watu wanaingia kwa zamu. Wamepoteza mapato ya miaka mitatu na zaidi kwa kitu ambacho wangeweza kukipangia zamu mapema. Mimi natamani Mnemba ipangiwe zamu sasa, kabla ya kufika huko.

Halafu wewe upo hotelini, angalia na nyuma ya jiko. Pwani yetu ya mashariki imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu matundu, maji ya vyoo yakimwagwa kwenye shimo lisilojengwa vizuri yanapenya taratibu mpaka baharini, na uchafu ule ni mbolea ya mwani unaokuja kuyafunika matumbawe. Hoteli inaweza kuwa na bango la kulinda bahari pale mapokezi na shimo lake likawa linafanya kinyume. Uliza, wewe una nafasi ya kuuliza kuliko mgeni.

Habari za kazi dada. Tunatoka Nairobi na watoto tunakwenda Watamu likizo ya Agosti, hakuna anayejua kuogelea vizuri. Tutaangalia samaki kwa boti na miwani. Niwaandaeje watoto? Nimesikia pia losheni ya jua ni sumu. — Mama wawili

Karibu sana mama. Watamu pamoja na Malindi ni hifadhi za bahari tangu 1968, kati ya za mwanzo kabisa Afrika, watoto wajue wanaingia mahali pa heshima. Wavae maboya ya kifuani hata kama maji mafupi, si kwa usalama tu, mtoto asiyeelea akichoka anasimama na anasimama juu ya tumbawe. Boti ikibeba mkate wa kulisha samaki kataa, najua inafurahisha lakini samaki wengi wa mwambani kazi yao ni kula mwani, ndo wanaoacha nafasi safi matumbawe yaote, ukiwazoesha mkate wanajazana chini ya boti na wale wakali wanawafukuza wengine. Na kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, asitolewe majini hata kwa picha ya haraka, yule anapumua kwa maji. Anatolewa na boti hii, anarudishwa, anatolewa na boti inayofuata, siku nzima. Kombe na kauri pia zibaki, ganda tupu ni nyumba ya kaa atakayekuja.

Losheni, kuna kemikali mbili zinazolalamikiwa zaidi, oksibenzoni na oktinoksati, Hawaii wamezuia kuuza losheni zenye hizo tangu Januari 2021. Soma nyuma ya chupa. Lakini dawa rahisi zaidi ni fulana ya mikono mirefu na leso kichwani mkiwa kwenye boti, losheni ipake usoni na shingoni tu, na muda kidogo kabla ya kuingia.

Mimi mwanafunzi wa chuo Mombasa. Nasoma kwamba joto la bahari ndilo linaloua matumbawe. Sasa kuwasumbua wazamiaji na manahodha si kupoteza muda? — Mwanafunzi

Mdogo wangu, joto ndilo adui mkubwa, sikubishii. Ndani ya tumbawe kunaishi chembe hai za mwani zinazolilisha na kulipa rangi, maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa wanaachana, tumbawe linabaki jeupe na lisipopata nafuu mapema linakufa kwa njaa. 1998 ilitupiga vibaya sana Kenya na Tanzania, 2016 tena, na Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza weupe wa dunia nzima kwa mara ya nne, na huku kwetu pia ulionekana.

Ila tazama kinachotokea baada ya joto kupita. Tumbawe jeupe halijafa bado, linaweza kupona, na hata likifa vitoto vya matumbawe vinaelea majini vinatafuta jiwe safi na gumu la kushikilia. Sasa kama pale chini nanga imegeuza kila kitu kifusi kinachobingirika, maji yana tope la mapezi na uchafu wa vyoo, na pono waliokuwa wanakwangua mwani wamevuliwa wote, vitashikilia wapi? Joto la dunia wewe na mimi hatulishushi kutoka Mombasa, mnyororo wa nanga tunaweza kuuinua leo. Tena ningeomba vituo vya kuzamia wakati wa weupe vipunguze watu kwa hiari, hasa wanaojifunza, maana mgonjwa hafai kupigwa mateke.

Salamu kwako. Sisi wavuvi wa Pwani Mchangani tumevua kule tangu enzi za wazee wetu. Leo tunaambiwa tusivue hapa, tusivue pale, mwamba ulindwe. Lakini wageni mia wanaruhusiwa kuukanyaga kwa sababu wana dola. Mnamlindia nani? — Mvuvi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelisoma mara kadhaa na sitaki kulipaka mafuta. Una haki ya kuudhika. Mahali ambapo mvuvi anaondolewa na mtalii anaingizwa bila hesabu yoyote, pale mwamba haujalindwa, umebadilishwa mtumiaji, na mimi siiti hiyo hifadhi.

Lakini kuna mahali wavuvi wenyewe walifunga na wakapata. Kuruwitu kule Kilifi, wavuvi na wanakijiji waliona samaki wamekwisha, mwaka 2005 wakatenga kama hekta 30 za bahari yao wakasema hapa havuliwi kitu, ikadharauliwa na wenzao mwanzoni, miaka ikapita samaki wakarudi, wakawa wakubwa na wakaanza kutoka nje ya mpaka ambako watu wanavua. Kisiwa Panza kule Pemba wanafunga sehemu za pweza kwa miezi halafu wanafungua, na anayevuliwa siku ya kufungua ana uzito wa maana. Kisiwa cha Chumbe huku Unguja, ambako mwamba umefungwa tangu 1994, waliofunzwa kuwa walinzi ni wavuvi, na mgeni haruhusiwi kuzama na silinda kwa starehe, anaelea juu na miwani akiongozwa basi. Yaani masharti yanamkuta mgeni pia, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye kamati yenu ya uvuvi nisingepinga kufunga, ningeweka bei. Kipande chochote mtakachokiacha, na boti za wageni zihesabiwe na ziwe na kikomo hapo hapo, ada igawanywe na hesabu isomwe mbele ya shehia nzima si kwa sheha na watu wawili, na kazi za kulinda na kukagua maboya wapewe vijana wenu wanaojua mikondo. Mkiambiwa hakuna hela waombe vitabu vya ada. Na huku kwenu mkubali kuachana na makokoro yanayoburura chini, maana kokoro moja linavunja kuliko wazamiaji wengi kwa pamoja, na mkilitetea watawaonyesha hilo kila mnapofungua mdomo.

Kuna kampuni inaniuzia kupanda tumbawe kama sehemu ya mzamo, nalipia zaidi. Ni jambo la maana au biashara tu? — Msomaji, Dar es Salaam

Inaweza kuwa ya maana kaka, vikundi vya wanakijiji upande wa Shimoni na Wasini wanaotesha matumbawe na wanajua wanachofanya. Ila kupanda ni kazi ya dakika chache, kutunza ni ya miaka, vipande vinafunikwa na mwani, vinaliwa, vinang'oka na mkondo. Kabla hujalipa waulize vile vya mwaka jana viko wapi na vingapi viko hai, waombe wakupeleke ukavione. Uliza pia boti yao inafungwa wapi mkifika, kama wanatupa nanga hapo hapo wanapopanda, hela yako tafutia kampuni nyingine.